Alama Ndogo Katika Karatasi

Tunaposikia neno sayansi, mara nyingi tunamfikiria mtu aliyejua tangu mwanzo anachotafuta, akakipata. Jioni ya leo nataka tuwatazame wanafunzi wawili, wote wasichana, waliopata jambo ambalo hakuna aliyewatuma kulitafuta.

Wa kwanza ni Jocelyn Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, mshiriki wa kanisa la Marafiki ambalo ndugu zetu wa Kaimosi wanalifahamu sana. Mwaka 1967 alikuwa Cambridge, Uingereza. Alikuwa amesaidia kujenga darubini ya redio kwa mikono yake, akipiga nyundo na kufunga nyaya. Chombo hicho hakikuona nyota. Kilizisikiliza, kama wewe unavyotusikiliza sasa, kikachora mistari kwenye karatasi, karibu mita 30 kila siku. Kazi yake ilikuwa kuisoma yote. Humo akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Kama angeiita kelele tu na kuendelea, nani angemlaumu? Lakini alikumbuka kwamba alikwisha kuiona, sehemu ile ile ya mbingu. Mwalimu wake, Antony Hewish, alidhani inatokana na mitambo ya wanadamu. Walipopima, wakakuta inapiga kama saa, kila sekunde 1.3. Wakafanya mzaha kwamba labda ni viumbe wa dunia nyingine wanaotuita. Kabla tu ya Krismasi Bell akapata ya pili, upande mwingine kabisa wa mbingu, na mzaha ukaisha. Zilikuwa nyota zilizokufa, zikajikusanya hata upana ukawa kama kilomita 20, nazo ni nzito kuliko jua letu, zinazunguka kama pia.

Mwaka 1974 Hewish na mwenzake Martin Ryle walipewa Tuzo ya Nobel. Bell hakupewa. Mimi naona haikuwa haki, ingawa yeye mwenyewe alisema hana kinyongo.

Sasa tushuke baharini. Mwaka 1977 wataalamu wa miamba walikwenda karibu na visiwa vya Galápagos kutafuta chemchemi za maji moto, kina cha mita 2,500. Walizipata, na kando yake wakakuta kome, kaa na minyoo mirefu, mahali jua lisipofika kamwe. Hawakuwa na mtaalamu wa viumbe hata mmoja. Dawa ya kuhifadhia ilikuwa chache, wakatumia na vodka. (Akina mama wa kanisa msishtuke, ilinyweshwa minyoo tu.)

Minyoo hiyo, mingine kuzidi mita 2, haina kinywa wala tumbo. Yaishije? Mwaka 1980 mtaalamu mmoja aliieleza huko Harvard, akataja chembe za kiberiti zilizomo ndani yake. Colleen Cavanaugh, mwanafunzi, akasimama katikati ya mhadhara akasema basi lazima mna bakteria wanaoilisha kwa nguvu ya kiberiti hicho. Katika baraza zetu za parokia msichana wa namna hiyo huambiwa aketi. Yeye aliomba kipande cha mnyoo akakichunguza, na mwaka 1981 ushahidi ukachapishwa. Sisi tulifundishwa shuleni kwamba chakula chote chatokana na jua. Muumba hakuwa amesoma vitabu vyetu.

Na Bell? Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine, dola milioni 3. Zote akazitoa kuwasomesha fizikia wanafunzi ambao kwa kawaida hawapati nafasi.