Siku 30 za kwanza ngambo ya Kasumbalesa

Maneno yaliyosemwa Kapata, katika mukutano wa wanachama na wafazili, na mufanyakazi wa ONG anayetembelea familia zetu.



Mumeniomba niseme juu ya watoto wetu wanaoenda kusoma Zambia. Ninataka kusema juu ya siku 30 za kwanza tu. Kila mwaka, wakati Diplôme d'État inatoka, familia za hapa Kapata zinauza kitu, zinangojea zamu yao ya likelemba, zinabisha kwa wajomba. Minerval inapatikana. Feza ya njia inapatikana. Kisha mutoto anafika kule, na kitu kidogo kinamurudisha: karatasi moja, lugha, ao njaa ya wiki mbili. Anarudi na begi yake, na jirani wanasema: "Ule mutoto masomo yalimushinda." Hapana. Masomo hayakumushinda. Hata darasani hakuingia.

Sisemi kama vyuo vikuu vyetu, na hata kile cha Kolwezi, havifae. Vinafaa. Lakini kuko vijana wanaotaka kujifunza kazi ya mine kwa Kiingereza, juu wanaona leo katika Lualaba mutu mwenye lugha mbili anapata kazi mbele ya mwenye lugha moja. Wana haki ya kujaribu. Kazi yetu ni kufanya wasirudi juu ya kitu kidogo.

Hatari ya kwanza ni hii: tunafikiri Zambia si inchi ngeni. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300, kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa karibu 90. Unavuka, unapita Chililabombwe, Chingola, Chambishi, unaingia Kitwe. Shaba ni ileile, udongo mwekundu ni uleule, hata saa haibadilike. Bukari wanaiita ubwali kwa Kibemba na nshima kwa Kinyanja, lakini vidole vinaifinyanga vilevile. Walunda wako ngambo zote mbili. Na wengine wenu hapa mulikaa kule miaka mingi, wengine Meheba, kambi iliyofunguliwa mwaka 1971 upande wa Solwezi. Ile inchi munaijua kuliko mimi.

Njo pale tunadanganyika. Mutoto anayeenda China anajua anaenda mbali, anajitayarisha. Anayeenda Kitwe anapanda bisi kama anaenda Likasi.

Tuanze na mupaka. Kasumbalesa iko na makelele, malori marefu, na vijana wanaokuambia: "Lete paspoti, nitakusaidia." Paspoti haitoke mukononi mwako isipokuwa kwa mwenye kazi, kwenye dirisha. Karte jaune, kwa kuonyesha kama ulipata chanjo ya homa ya manjano, ikuwe ndani ya paspoti. Barua ya chuo ikuwe juu, si chini ya nguo. Na mbele ya kuacha dirisha, soma muhuri: wamekupa siku ngapi? Muhuri wa kuingia si ruhusa ya kusoma. Ruhusa ya kusoma inaombwa kwa wakubwa wa uhamiaji wa Zambia, na inakuwa na karatasi zake na malipo yake. Kijana anayeingia kama mutembezi na kusahau kuhesabu siku, siku moja ataona chuo inamuuliza karatasi asiyokuwa nayo.

Kisha diploma. Yetu inaandikwa kwa Kifaransa na inatoa asilimia. Wao wanahesabu pointi za Grade 12. Wanaposoma "60%" yetu, hawajui kama ni kubwa ao ni ndogo. Kwa hiyo kuko ofisi inayoitwa ZAQA, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2011, inayopima na kutambua diploma za kigeni. Kutafsiri diploma na kuipeleka kule kunakula wakati. Kazi hiyo inaanzia hapa Kapata, miezi mbele, si siku ile mutoto anashuka kwenye bisi.

Niseme jambo moja la uchungu. Kuko watu wanaoshauri wanafunzi: "Ujiandikishe mukimbizi, njo rahisi." Wapendwa, katika chumba hiki kuko watu waliokuwa wakimbizi kweli. Munajua ile karatasi ililipwa na nini. Mwanafunzi anayeidanganya anaharibu jina la wenye shida ya kweli, na yeye mwenyewe anajifunga: kesho akitaka kurudi likizo kwa mama yake, atasema nini mupakani?

Siku ya pili ni barabara. Kwetu motokari zinapita kuume, kwao zinapita kushoto. Mutoto anatazama upande aliozoea, na motokari inatoka upande mwingine. Tunacheka, lakini si kichekesho. Umuambie atazame pande zote mbili, mara mbili, mwezi muzima. Priz za ukutani nazo zina matundu matatu makubwa. Kichwa cha chaja yetu hakiingie. Anunue adapta siku ile ya kwanza, juu simu ikizimika, nyumbani kunakuwa kilio.

Feza. Hapa tunazoea kununua hata nyanya tukihesabu kwa dola. Kule bei ni kwacha. Abadilishe kidogo kwanza, pahali penye ofisi, na apewe risiti. Na bamama wenye kuficha noti za kwacha za zamani ndani ya sanduku, munisamehe: mwaka 2013 walikata sifuri tatu. Zile noti hazinunue tena hata chumvi. Musizimupe mutoto kama zawadi ya safari.

Sasa lugha. Copperbelt University, iliyoanzishwa mwaka 1987, iko Kitwe, kwenye barabara inayoitwa Jambo Drive. Usione jina ukafikiri wanasema Kiswahili! Darasani ni Kiingereza, na sokoni ni Kibemba. Nilitembelea binti mumoja wa hapa kwetu katika wiki yake ya pili. Hapa alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Kule alikuwa ananyamaza tangu asubuhi mpaka jioni. Aliniambia: "Kaka, kile kitu ninakijua, ni jina lake njo sijue." Akasema tena: "Mwalimu akiandika kwenye ubao, ninaelewa. Akigeuka na kuanza kusema, anapotea."

Hakuponyeshwa na kitabu. Aliponyeshwa na mama wa nyanya katika soko la Chisokone. Alikuwa anaonyesha kwa kidole na kutoa feza bila kusalimia. Yule mama akakataa feza, akamuambia kwanza: "Muli shani?" Kwa Wabemba, kama kwetu, hauulize bei mbele ya kusalimia. Binti akajibu kwa Kisanga cha bibi yake, na wakasikilizana nusu. Tangu siku ile alikuwa anapita kila jioni, anajifunza maneno matatu. "Natotela" njo lilikuwa la kwanza: asante. Mutu aliyepata mumoja wa kumucheka kwa upendo, anapata nguvu ya kuinua mukono darasani.

Kwa mabinti niseme wazi. Usiku wa kwanza ujulikane mbele ya safari: nyumba ya nani, mutaa gani, namba gani ya simu. Vyumba vya chuo haviwatoshe wote, wengi wanapanga inje. Mwanaume anayetoa chumba "bure" kwa binti mugeni, atakuja kudai kodi yake. Wazazi, hilo musimuachie mutoto apambane nalo peke yake saa mbili ya usiku na begi mukononi.

Na mukipiga simu, musiulize tu: "Uko muzuri?" Atasema: "Niko muzuri," juu anajua mliuza nini ili aende. Muulize: "Leo ulikula nini? Ulikula na nani? Paspoti iko wapi? Muhuri unaisha tarehe gani?" Hapo mutasikia ukweli.

Ninajua kuko muzee atakayesema: "Sisi mwaka 1978, wakati wa vita ya Kolwezi, tulikimbia na mutoto mugongoni, bila adapta na bila kwacha, na tuliishi." Ni kweli, muzee. Lakini mulipofika, kuko mutu alifungua mulango. Alitoa bukari, alionyesha kisima, alisema ninyi ni wageni wake. Njo kile tu ninaomba kwa hawa vijana.

Kwa hiyo ninaleta maombi matatu.

La kwanza: chama kiweke feza ya siku 30, mbali na minerval, itolewe mara mbili, nusu wakati wa kuondoka na nusu baada ya wiki mbili. Wafazili wetu, ninajua munapenda kulipa minerval juu chuo kinatoa risiti. Bukari ya mwezi wa kwanza haina risiti ya chuo. Lakini bila ile bukari, risiti yenu inabaki na mutu amekwisha kurudi. Chama kitaandika kila kwacha na kuwaonyesha.

La pili: ninyi wenye jamaa na marafiki Chingola, Kitwe, Solwezi na Lusaka, mutoe majina kwa sekretari. Kila mutoto anayeondoka akuwe na mutu mumoja wa kumupokea. Zile njia mulizopita kwa shida, leo ni mali ya chama.

La tatu: kila Siku ya Posho, saa mbili, vijana wakutane hapa: saa moja ya Kiingereza, na saa moja ya kufungua dosie na kuangalia karatasi moja moja. Dosie isiyotimia, safari inangojea. Ni heri kuchelewa Kapata kuliko kukwama Kasumbalesa.

Sikuja kuomba makofi. Ninaomba tusiachane leo mbele ya kukata shauri juu ya lile la kwanza, juu kuko vijana wamekaa pale nyuma, na mmoja wao barua yake ya chuo imekwisha kufika.