Karakana Kabla ya Kibao: Vyuo Vikuu vya Ufundi na Haja za Kasulu na Kibondo



Kila tunapokutana kuwazungumzia vijana wetu, hakosekani wa kuuliza: chuo kikuu cha ufundi kitafika lini huku kwetu Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma? Swali ni la haki. Nitalijibu kwa kupitia historia, maana vyuo vikuu vya ufundi tulivyo navyo nchini havikuzaliwa vikiwa vyuo vikuu.

Tuanze na Mbeya. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilifunguliwa mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, kwa makubaliano ya Tanzania na Umoja wa Kisovieti. Kazi yake ilikuwa kutoa mafundi sanifu, yaani watu wa kupokea mchoro wa mhandisi na kuusimamia mpaka ukawa daraja, mtambo au nyumba yenye umeme. Mwaka 2005 kikawa taasisi, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, ina umri mkubwa zaidi: taasisi ya ufundi mwaka 1957, Dar Tech mwaka 1964, na DIT yenyewe kwa sheria ya mwaka 1997. Kotekote karakana ilitangulia, shahada ikafuata.

Kupanda huko kulikuwa na gharama, na hapa naomba tutulie kidogo. Wahandisi wetu hupenda kutaja uwiano wa 1 kwa 5 kwa 25: mhandisi 1, mafundi sanifu 5, mafundi mchundo 25. Chuo kikianza kutoa shahada, heshima huelekea huko, na mzazi naye hutaka mwanawe aitwe mhandisi. Cheti cha ufundi sanifu, kile cha FTC kilichowalea mafundi wengi wanaoheshimika hadi leo, kikapoteza mng'ao. Mimi naona hiyo ni hasara kubwa. Mashine ya kusaga ikiharibika kijijini Makere, anayehitajika ni mtu wa kuifungua, kuona kilichokatika na kukichonga upya.

Kuhusu ubunifu unaoanza na tatizo la mahali, nitataja mifano miwili tu. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno za nano, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Tuzo ni jambo jema, lakini kinachonigusa zaidi ni kwamba chujio lile hurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali lilipo. Kaskazini wanasumbuliwa na floraidi. Kwingine tatizo ni vijidudu. Mbunifu alianza na kisima, ndipo akaenda maabara.

Mfano wa pili ni Kikuletwa, wilayani Hai. Chuo cha Ufundi Arusha kilichukua kituo cha zamani cha umeme wa maji na kukifanya mahali pa kufundishia nishati jadidifu, mwanafunzi akajifunza mbele ya maji yanayokwenda. Sisi tulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli za TANESCO, ilhali mito inateremka kutoka vilima vyetu kwenda Malagarasi, tunapaswa kuitazama Kikuletwa kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa turudi nyumbani. Kasulu ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na Kibondo pia. Vyuo hivi vilianza nchini mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, vikifundisha uashi, useremala, ushonaji na kilimo. Hiyo ndiyo karakana yetu. Kazi za kuipa tunazo tele. Muhogo bado unamenywa kwa kisu na kuanikwa juani, na mvua ikinyesha udaga, yaani muhogo huo unaokaushwa, unaota ukungu. Kuni zinazidi kuwa mbali, hasa kuzunguka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 na kukua kuliko miji mingi ya mkoa huu. Wakimbizi na wenyeji wanatafuta kuni katika misitu ileile. Jiko banifu la udongo wa hapa, linalofaa sufuria ya ugali wa familia kubwa, ni mtihani tosha kwa darasa zima la mwaka wa mwisho.

Napendekeza semina hii iviandikie MUST, DIT na Chuo cha Ufundi Arusha barua moja. Tuwaombe wanafunzi wao wa mafunzo kwa vitendo wapangiwe katika vyuo vyetu vya wananchi, wakae na mafundi wetu, na kazi yao ya kwanza iwe mashine ya kuchakata muhogo ambayo kila kipuri chake kinaweza kuchomelewa Kasulu. Nimeandaa rasimu ya barua hiyo. Iko mezani kwa Katibu, na ninaomba ijadiliwe leo kabla ya chakula cha mchana.