Mrija Katika Kisima cha Elimu



Mtu akiambiwa kwamba yuko mkulima ambaye hupanda, hupalilia na kuvuna, kisha hulitoa zao lake bure kwa mwenye ghala, na kesho yake hurudi kwenye ghala lilelile kununua chakula alichokivuna mwenyewe, atauliza ni mjinga gani huyo. Lakini soko la namna hiyo lipo, na wakulima wake si wajinga. Ni maprofesa, madaktari na watafiti wa vyuo vikuu vya dunia nzima. Zao lao ni makala za kitaalamu, na ghala ni majarida yanayozichapa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtafiti hulipwa mshahara, mara nyingi kwa fedha za umma. Akimaliza uchunguzi wake huandika makala na kuipeleka kwa jarida bila ya kudai hata senti. Wataalamu wenzake huisoma na kuihakiki, nao kwa kawaida hawalipwi. Kisha mchapishaji, ambaye mara nyingi hukabidhiwa na hakimiliki, huziuzia maktaba za vyuo vilevile jarida hilo. Umma ulikwisha lipia utafiti. Sasa unalipia ruhusa ya kuusoma.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 1665, Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society mjini London, alianzisha jarida la Philosophical Transactions ili wataalamu wapashane habari za uvumbuzi wao. Kwa muda mrefu majarida mengi yalikuwa mikononi mwa vyama vya wataalamu na vyuo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali za nchi tajiri zilimimina fedha nyingi katika utafiti, na wafanyabiashara wakanusa harufu ya faida. Mmoja wao, Robert Maxwell, alijenga kampuni ya Pergamon Press tangu mwaka 1951, na mwaka 1991 akaiuza kwa Elsevier. Ilipofika mwaka 2013, makampuni matano tu yalikuwa yakitoa zaidi ya nusu ya makala za kitaalamu zilizoorodheshwa katika faharasa kubwa ya kimataifa.

Je, wasomi walinyamaza? La hasha. Mwaka 2002 lilitolewa Tamko la Budapest, la kudai kwamba matokeo ya utafiti yasomwe na kila mtu bila malipo, kwa kutumia mtandao. Mwaka 2018 mashirika kadhaa ya Ulaya yanayogharimia utafiti yalitangaza mpango ulioitwa Plan S, wa kuwataka watafiti wao wachapishe kwa njia iliyo wazi. Mwaka 2021 UNESCO nayo ikapitisha pendekezo juu ya sayansi huria.

Hapo ndipo ujanja wa soko ulipoonekana. Wachapishaji wakubwa walikubali kuufungua mlango wa msomaji, lakini wakaweka kibanda cha ushuru kwenye mlango wa mwandishi. Jarida la Nature lilitangaza kwamba kuanzia Januari 2021, mtafiti atakaye makala yake isomwe bure tangu siku ya kwanza atalipiwa hadi Euro 9,500. Kwa thamani ya fedha ya wakati ule, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 25 za Tanzania, kwa makala moja tu!

Yapo majarida yanayowasamehe ada watafiti wa nchi maskini, ama yote ama sehemu. Jambo hilo lina msaada wake, na hapana sababu ya kulibeza. Lakini msamaha ni hiari ya mwenye nyumba. Leo yumo katika orodha, kesho nchi yake ikipanda daraja kidogo kiuchumi anatolewa. Mtafiti anayesubiri kusamehewa si mwenzi katika elimu, ni mwombaji mlangoni.

Tena, ada hizo zimezaa balaa jingine. Mchapishaji akilipwa kwa kila makala, kila makala anayoikataa inampunguzia mapato. Ndiyo maana yamezuka majarida ya ulaghai ambayo huchapa chochote ilimradi mwandishi amelipa. Hata makampuni yenye majina hayakusalimika. Hindawi, iliyonunuliwa na kampuni ya Wiley mwaka 2021, ilibidi ifute zaidi ya makala 8,000 katika mwaka 2023 peke yake, baada ya kugundulika kwamba uhakiki wake ulikuwa umechezewa. Atakayeumia ni daktari anayemtibu mgonjwa kwa kuamini maandishi hayo.

Hapana anayedai kwamba kuchapa ni bure. Mhariri hula, mitambo hutengenezwa, na makala huhitaji kusafishwa lugha. Swali ni nani ashike mpini. Brazili ilijibu swali hilo mwaka 1998 kwa kuanzisha SciELO, hazina ya majarida yanayosomwa bila malipo, kwa msaada wa fedha za umma. Nchi nyingine za Amerika ya Kusini zikafuata, na baadaye Afrika Kusini nayo ikajiunga. Mwaka 2015 wahariri wote wa jarida la isimu liitwalo Lingua walijiuzulu, wakamwachia Elsevier jina, wakaenda kuanzisha jarida lao, Glossa. Mwaka 2023 wahariri wa NeuroImage wakafanya vivyo hivyo. Walithibitisha kwamba mchapishaji anaweza kumiliki jina, lakini hamiliki akili za watu.

Tanzania haianzi katika suala hili mikono mitupu. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam asili yake ni taarifa ya kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1930. Limepita mikononi mwa wakoloni, likapita TUKI, na sasa liko TATAKI. Jarida la namna hiyo haliwezi kuishi ikiwa mhadhiri anayeandika humo, tena kwa lugha ya taifa, atahesabiwa kuwa amefanya kazi hafifu kuliko yule aliyelipa ada ng'ambo. Mcheza kwao hutunzwa. Asipotunzwa, atakwenda kuchezea kwa wengine.

Kwa hiyo, wajibu wa vyuo ni kupima makala kwa uzito wake, si kwa jina la jarida. Wajibu wa Serikali ni kutenga fedha za kuendesha majarida ya nchini, yahakikiwe kwa ukali na yatoke kwa wakati, maana jarida legelege halitetewi kwa uzalendo. Na wajibu wa mtafiti ni kuweka nakala ya kazi yake katika hifadhi ya chuo, kila anaporuhusiwa, na kuueleza umma kwa Kiswahili alichokigundua. Mwanakijiji aliyetobolewa kidole ili malaria ichunguzwe alitoa damu yake bila kutoza ada. Haki yake ya kwanza ni kuyapata majibu yake.