Tutangaziwe na saa za jua

Msikilizaji, jioni hutangazwa kwamba Mwanza kesho itakuwa na mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Abiria anayesubiri kivuko cha Nansio yanamtosha hayo. Anayezalisha umeme wa jua anabaki gizani.

Mwaka 2016 kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara wilayani Ukerewe, kilipata mtambo wa kampuni ya Jumeme: paneli za sola za kilowati 60, betri, na jenereta ya dizeli kwa dharura. Mwendeshaji wa mtambo wa namna hiyo huamka na swali moja: leo betri zitajaa saa ngapi? Akijua wingu litakaa hadi saa tano, atawaomba wenye mashine za kusaga wasubiri mchana. Asipojua, atawasha jenereta na kuunguza dizeli iliyovushwa ziwani kwa gharama.

Na mawingu ya ziwa letu, Victoria, yana mpangilio wake. Usiku, pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji, zikapandisha hewa yenye unyevu. Ndiyo maana radi hupiga usiku wa manane hadi asubuhi. Mchana upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, anga juu ya maji ikatakata, mawingu yakajijenga bara. Ukerewe iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita, anga ikiwa safi, hutupa karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na halipungui sana mwaka mzima. Kinachotunyima ni wingu, nalo linafuatilika: setilaiti za Meteosat hulipiga picha kila dakika 15, na kwa kulinganisha picha hizo kompyuta hukadiria litakuwa wapi saa chache zijazo. Wingu la mvua linalozuka ghafla ni gumu zaidi kutabiri, lakini Mwanza ina rada ya hali ya hewa inayoiona mvua inapoanza.

Wala si umeme peke yake. Fikiria mama aliyeanika dagaa mchangani: wakinyeshewa, thamani yao hushuka hadi kuwa chakula cha kuku.

Mamlaka ya Hali ya Hewa tayari hutuambia upepo na mawimbi ya ziwa. Tunaiomba iongeze sentensi moja kila asubuhi: leo Ukerewe jua litatoka saa ngapi, na litadumu kwa muda gani.