Rangi Inapobabuka Kabla ya Dhamana Kwisha: Mazungumzo na Wananchi wa Mpakani Mutukula



Jambo tulilokuja kulizungumza leo halisikiki mara kwa mara katika mikutano ya polisi, nalo ni rangi ya gari. Huenda wapo wanaojiuliza rangi inawahusu nini askari. Inatuhusu kwa sababu wenye magari mapya wanaletana kituoni na wauzaji wao kwa ajili ya rangi iliyobabuka na milango inayovuja, na kwa sababu gari lililopakwa rangi ovyo hufika hapa mpakani likiwa na dalili zile zile tunazozitafuta katika magari ya wizi.

Neno lenyewe la dhamana linatutatiza. Kituoni, dhamana ni ile inayomtoa mshukiwa mahabusu, nayo, kama tunavyorudia katika kila mkutano, hailipiwi hata shilingi moja. Dhamana ya gari ni kitu kingine. Ni ahadi ya maandishi ya mtengenezaji au wakala wake kwamba, kwa muda au kilomita zilizotajwa, kasoro iliyotokana na malighafi au kazi ya kiwandani itarekebishwa bila malipo. Huo ni mkataba. Anayekataa kuutimiza amevunja mkataba, na mwenye gari anayo njia ya kumdai. Lakini sisi hatuna mamlaka ya kwenda Kampala kumtia mtu pingu kwa sababu mlango umeota malengelenge.

Tunasema hivi tukikumbuka chama kimoja cha wakulima wa kahawa cha huku kwetu, ambacho jina lake tunalihifadhi. Wanachama walichanga kwa misimu kadhaa, wakanunua pikapu mpya nyeupe. Baada ya mvua, vipele vidogo vilitokea chini ya milango, na zulia la ndani likaanza kunuka uvundo. Dereva, kwa nia njema kabisa, alimpelekea fundi wa kando ya barabara. Fundi akakwangua, akajaza puti, akapuliza rangi kwenye milango miwili ya kushoto, na kwa ukarimu wake akapaka lami chini ya gari lote ili kutu isipande. Chama kilipolipeleka gari kwa muuzaji, waliambiwa kwamba milango ile haiwezi tena kuchunguzwa. Wakaja kwetu wakitaka muuzaji akamatwe. Na safari iliyofuata, wakiwa na mzigo wa kahawa, pikapu ilizuiwa mpakani karibu siku nzima, maana namba ya chasisi ilikuwa imefunikwa na lami hiyo hiyo.

Ili ieleweke kwa nini muuzaji alikuwa na hoja, inafaa tuseme kidogo rangi ya gari imejengwaje. Bodi ya bati huzamishwa kiwandani katika dawa ya kwanza inayovutwa na umeme ili ishike kila pembe. Kisha mishono, yaani mahali bati mbili zinapokutana, huzibwa kwa gundi laini ya kuzuia maji. Juu yake hufuata praima, halafu rangi yenyewe, na mwisho vanishi angavu ambayo mafundi wetu huiita klia. Tabaka zote hizo kwa pamoja, katika magari mengi, zina unene wa takriban mikroni 100 hadi 150. Milimita moja ni mikroni 1,000. Mkaguzi hugusisha kipimo kidogo juu ya bati na kusoma unene huo papo hapo. Penye puti namba hupanda mno, hata kupita 1,000. Kwa hiyo fundi anapokwangua, anauondoa ushahidi wote pamoja na ule uliokuwa ukimtetea mwenye gari.

Dalili za kasoro ya kiwandani zina sura zake. Lengelenge likiinuka huku ngozi ya rangi juu yake haijapasuka, tatizo limeanzia chini. Rangi ikibanduka vipande vipana na kuacha bati au praima ya kijivu iliyo safi, mshikamano umeshindwa. Lakini kidonda kidogo cha duara chenye kutu katikati, hasa mbele ya boneti na nyuma ya magurudumu, ni jiwe la changarawe, na barabara zetu mnazijua. Alama ya kinyesi cha ndege, au ya wadudu wa ziwani walioachwa wakauke juani, nayo haimo katika dhamana. Aoshaye gari mapema hujiokolea shauri hapo. Vitabu vingi vya dhamana pia hutenganisha rangi na kutu inayotoboa: rangi hupewa muda mfupi zaidi, na kutu hupewa miaka mingi kwa sharti kwamba iwe imelitoboa bati kutoka ndani hadi nje. Vingine hudai bodi ikaguliwe kwa wakala kila baada ya muda fulani na kugongwa muhuri. Someni ukurasa huo siku ya kununua, wala msingoje siku ya ugomvi.

Gundi ya mishono ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu haionekani. Tazameni kwenye mfereji wa paa, kwenye pindo la chini la mlango, kuzunguka bawaba, na ndani ya buti. Ufa mwembamba unaofuata mshono, au mstari wa kahawia unaochuruzika kutoka ndani ya mshono, ni ishara ya kutosha. Kama maji yanaingia, mtu mmoja aketi ndani na tochi, mwingine amwagie kwa bomba la nguvu ndogo akianzia chini na kupanda polepole, ili ijulikane yanapopenyea. Mashine ya kuoshea yenye msukumo mkubwa isitumike, kwani hupenyeza maji hata pasipo na kasoro. Na kabla ya yote, chunguzeni matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango. Tope jekundu la kwetu huyaziba, maji yakajaa ndani ya mlango kama mtungi, na hilo si kosa la kiwanda. Kijiti chembamba kinatosha kuyazibua.

Mkishaiona kasoro, msiiguse. Pigeni picha jua likiwa upande, si la utosini, na wekeni sarafu kando ya doa ili ukubwa wake ujulikane. Pigeni pia picha ya kilomita kwenye dashibodi. Andikeni barua, hata fupi, yenye tarehe, mahali kasoro ilipo na siku ilipoonekana. Itoeni nakala mbili na mtake nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Simu na maneno ya mlangoni hayaachi alama, ilhali barua iliyopokelewa siku moja kabla ya dhamana kwisha ina nguvu ambayo ya siku moja baadaye haina. Wakala akilichukua gari, daini kadi ya kazi inayotaja kilichokutwa. Akikataa, mwombeni akatae kwa maandishi. Wengi hulegea hapo, kwa sababu si rahisi kuandika sababu isiyokuwapo.

Chama tulichokitaja kiliokolewa na karani wao, kijana aliyekuwa amepiga picha milango yote minne kabla ya dereva kwenda kwa fundi. Milango miwili ya kulia, ambayo haikuguswa, ilichunguzwa, ikapatikana gundi ya pindo imekatika, ikarekebishwa kwa dhamana pamoja na mshono wa paa uliokuwa ukivuja. Ile ya kushoto wakajilipia.

Ikiwa muuzaji hatekelezi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inaulinda ubora wa bidhaa iliyouzwa, na utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, bila mawakili kusimama kati ya wahusika. Gharama ya kupaka milango miwili au mitatu haifiki huko. Mwanzo wa njia hiyo ni barua ya madai, na ndiyo maana tumesisitiza karatasi.

Yapo hata hivyo mambo yanayotuhusu moja kwa moja. Gari likiuzwa kama jipya kumbe liligongwa njiani likajazwa puti, na muuzaji akijua, huko kunaweza kuwa ni kujipatia fedha kwa udanganyifu. Kitabu cha dhamana kikiwa cha kughushi, au namba ya chasisi ikiwa imekwaruzwa, njooni mara moja. Kupokea taarifa yenu hakulipiwi. Askari akidai chochote, mlalamikieni kwa mkuu wa kituo au kwa Kitengo cha Viwango vya Kitaalamu.

Tuseme wazi pia kwamba wengi wenu mna magari yaliyotumika yaliyotoka Japani, na kwa hayo dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida haiwafuati hapa. Wapo wanaotuonyesha habari za ng'ambo. Ni kweli kwamba Toyota nchini Marekani ilianzisha mpango wa kupaka upya baadhi ya magari yenye weupe wa Super White na Blizzard Pearl, baada ya kuonekana kwamba mwanga wa jua ungeweza kudhoofisha mshikamano wa rangi. Mpango huo ulikuwa wa soko lile. Habari hiyo inawafaa kwa jambo moja: muuzaji akiwaambia kwamba rangi ya kiwandani haibanduki kamwe, mnajua la kumjibu. Haiwapi haki ya kudai hapa.

Limebaki suala la kuvuka. Baadhi yenu hupeleka magari kupakwa rangi upande wa pili kwa sababu bei ni nafuu, na hatuwazuii. Lakini kazi iliyofanywa nje ya mawakala waliotajwa kwenye kitabu huweza kuifuta dhamana ya sehemu iliyoguswa. Rangi ikibadilika, tuseme kutoka nyeupe kuwa bluu, kadi ya usajili haina budi kurekebishwa kabla gari halijarudi mpakani, kwani askari hulinganisha anachokiona na kilichoandikwa. Mkipaka rangi ile ile, bebeni risiti ya fundi. Na popote mnapopuliza rangi, lami au gundi, namba ya chasisi ifunikwe kwa karatasi na mkanda kwanza, kisha ifunuliwe. Tunapoulizia gari katika kumbukumbu za magari yaliyoibwa, za kwetu na za INTERPOL, tunaanzia kwenye namba hiyo. Isiposomeka, hatuwezi kuliruhusu gari lipite kwa kumwonea mtu huruma, hata akiwa jirani yetu tunayemfahamu kwa jina na mzigo wake unaharibika.

Wengi wenu hamjawahi kuiona namba hiyo kwenye magari yenu wenyewe. Katika pikapu nyingi imechongwa ubavuni mwa fremu, karibu na gurudumu la mbele la kulia. Katika magari madogo huweza kuwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini au sakafuni kando ya kiti. Mkaguzi wa magari yupo hapa na tochi, na mwenye pikapu ile iliyoegeshwa chini ya mwembe amekubali tuitumie. Karibuni tusogee, kumi kumi, wazee watangulie.