Kuchagua Matairi ya Gari la Umeme Katika Nchi ya Theluji

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, alisema nichague jambo lolote ninalolijua vizuri. Wenzangu walionitangulia wamezungumza juu ya uongozi na juu ya afya. Mimi nitazungumza juu ya matairi. (Kicheko.) Chekeni tu. Jambo hili nilijifunza kwa hofu, na mtu aliyejifunza kwa hofu hasahau upesi.

Kama wengine wenu mjuavyo, mimi naishi Ottawa, mji mkuu wa Kanada. Theluji huanza Novemba na aghalabu huondoka Aprili, na usiku wa Januari unaweza kushuka nyuzi 25 chini ya sifuri. Mwaka 2019 tulinunua gari dogo la umeme. Mama watoto ni muuguzi, zamu yake huanza alfajiri, na gari lile ndilo humpeleka kazini kabla magreda ya theluji hayajapita mitaa yote.

Gari lilikuja na matairi ambayo kule huitwa ya misimu yote. Mimi mgeni wa theluji nikaona jina linatosha. Misimu yote si yote? Hata hivyo nilimwuliza muuza matairi mmoja, naye akanionyesha herufi M na S ubavuni akasema, "Haya ni ya matope na theluji, usiwe na wasiwasi." Niliona haya kuuliza zaidi. Mtu aliyepata alama nzuri za fizikia katika shule hii aulize habari za mpira!

Desemba 2022, matairi yakiwa yametembea kilomita 52,000, tulikuwa tunateremka kilima kuelekea mtoni, mimi, mama watoto na mwanetu mdogo. Chini kuna taa za barabarani, nazo zilikuwa nyekundu. Nikakanyaga breki. Gari halikusimama. Lilikwenda taratibu, kama mtumbwi unaoachiwa maji, likapita taa, likapita mstari, na basi la abiria likatukatiza mbele kwa umbali ambao sitaki kuupima. Tulisimama katikati ya njia panda. Hakuna aliyesema neno mpaka nyumbani. Usiku ule mwenzangu aliniuliza swali moja tu: "Kesho alfajiri niende na nini?" Alikwenda kwa basi, nami nikaanza kusoma.

Vijana, hapa ndipo somo lenyewe lilipo, na yote yamo katika mambo mnayofundishwa katika maabara ile pale. Gari huishika barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kiasi cha kiganja cha mkono. Kuondoka, kukata kona na kusimama, vyote hutegemea msuguano wa vipande hivyo vinne. Nao mpira si kitu kimoja nyakati zote. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kwenye baridi kali huwa kama ubao. Tairi la baridi huchanganywa kwa namna nyingine ili libaki laini, tena meno yake huchanjwa vijichanjo vyembamba vingi vinavyouma theluji. Wafini ndio walioanza: kiwanda cha Nokian kilitoa tairi la theluji la malori mwaka 1934, na la magari madogo mwaka 1936.

Matairi ya misimu yote yalikuja baadaye Marekani. Goodyear walitoa lao, Tiempo, mwaka 1977, wakati baadhi yetu tukiwa bado tunavaa kaptula hapa. Ni tairi la katikati, zuri kwa mvua na kwa baridi ya wastani. Zile herufi M na S maana yake ni kwamba meno yamechongwa kwa umbo fulani lenye nafasi. Basi. Hakuna aliyelipeleka tairi lile kwenye theluji akalipima kabla ya kuziandika. Muuzaji wangu hakusema uongo. Alisoma herufi kama nilivyozisoma mimi.

Alama yenye kipimo nyuma yake ni nyingine: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo iliwekwa mwaka 1999 na vyama vya watengenezaji mpira vya Marekani na Kanada. Ili kuipata, tairi lilitakiwa kulizidi tairi la kulinganishia kwa angalau asilimia 10 katika kuvuta gari juu ya theluji iliyoshindiliwa. Angalieni lakini: ni kuvuta tu. Kipimo hicho hakisemi kitu juu ya kusimama, wala juu ya barafu tupu, na mimi nilipitiliza taa zile nikiwa najaribu kusimama juu ya barafu. Kwa hiyo hata alama ya mlima nimejifunza kuiheshimu bila kuiabudu.

Sasa ipo jamii ya tatu, nayo ndiyo niliyokuja kuieleza: matairi ya hali zote za hewa. Majina yanakaribiana mno, na ningekuwa na uwezo ningemcharaza viboko aliyeyabuni. (Kicheko.) Tofauti ni kwamba haya yana alama ya mlima, na bado unaweza kuyaacha garini kiangazi kizima. Ulaya tairi la namna hii lililojulikana sana ni CrossClimate la Michelin, lililotoka mwaka 2015. Siku hizi karibu kila kampuni kubwa ina lake.

Sheria nayo ni ya ajabu kwetu. Mto unaopita Ottawa ndio mpaka wa majimbo mawili. Ng'ambo ya daraja, Quebec, kila gari dogo lililosajiliwa huko lazima liwe na matairi yenye alama ya mlima kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 15 Machi, na haya ya hali zote yanakubaliwa. Upande wangu, Ontario, halazimishwi mtu. Mwaka 2016 makampuni ya bima yalitakiwa yampunguzie malipo anayevaa matairi ya baridi, lakini ukitaka kuteleza na ya kiangazi ni hiari yako. Nilikuwa nimetumia hiari hiyo miaka mitatu bila kujua.

Niliporudi dukani safari hii sikuona haya, nikauliza kila kitu. Gari la umeme lina mambo yake, nami nitayaeleza kidogo, maana hata huku kwetu Afrika Mashariki yameanza kuingia; Nairobi mabasi ya umeme yanabeba abiria tangu mwaka 2022.

Kwanza ni uzito. Gari langu ni dogo, lakini betri iliyolazwa chini ya sakafu inalifikisha kilo 1,600 na zaidi likiwa tupu. Ubavuni mwa tairi langu kumeandikwa 215/50R17, kisha namba na herufi. Watu wengi husoma ile 17 ya rimu wakaishia hapo. Namba inayofuata ndiyo ya mzigo: 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615, na 95 maana yake kilo 690. Zidisheni kwa nne. Yote mawili yanatosha kwa gari langu na abiria watano, lakini kamwe usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye kibao cha mlango wa dereva. Mimi nilichukua 95, kwa sababu tofauti ya bei ilikuwa ndogo na mitaa yetu ina mashimo kila mwezi wa Machi theluji inapoyeyuka.

Pili ni nguvu ya mota. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu linapoanza kusogea. Ukikanyaga kwa papara, matairi yanalika. Fundi aliniambia kwamba wateja wake wa magari ya umeme humrudia mapema kuliko wale wa petroli, nami nilikuwa mmoja wao. Mama watoto alisema wazi kwamba yaliyomaliza matairi yetu ni mguu wangu, wake haumo. Sikubisha.

La tatu lilinigusa zaidi, kwa sababu lilihusu ile siku. Gari la umeme ukiondoa mguu kwenye mafuta (bado nasema mafuta, mazoea yana taabu) mota hugeuka jenereta, hurudisha umeme kwenye betri na kulipunguza gari mwendo. Ni jambo zuri sana. Lakini katika gari langu mota huzungusha magurudumu ya mbele tu, kwa hiyo upunguzaji huo wote huangukia mbele. Juu ya barafu, magurudumu ya mbele yakishikwa ghafla huteleza, na yakiteleza usukani hauna kazi tena. Gari lina mitambo ya kuzuia hilo, nayo husaidia, lakini mitambo haiwezi kuumba msuguano ambao mpira hauna. Tangu siku ile, siku za barafu napunguza nguvu ya urudishaji umeme, na kilima naanza kukiteremka polepole kabla hakijaanza.

Tena kuna umbali. Tairi linalouma theluji hubingirika kwa uzito kidogo. Kwa matairi ya zamani gari letu lilikuwa likienda kilomita 380 hivi kiangazi kwa chaji moja. Kwa haya mapya napata 355 hivi. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri nashukuru nikipata 230, ila hapo lawama kubwa ni ya baridi yenyewe na kipasha joto, si ya tairi. Kuna rafiki yangu aliyekataa matairi haya kwa ajili ya zile kilomita 25. Nilimwambia kwamba mimi kilomita 25 hizo nimezinunulia nafasi ya kusimama kwenye taa.

Upepo nao msiusahau. Hewa ikipoa kwa nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza kama paundi moja. Ukijaza paundi 38 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 15, kisha ukalala nje kwenye 25 chini ya sifuri, asubuhi una 31. Sheria ya gesi, vijana, ile mnayoikariri.

Je, nilichagua vizuri? Nitasema kweli. Kwa mji kama Ottawa, anayeweza kumiliki seti mbili, moja ya baridi na moja ya kiangazi, amshinde mwenye seti moja. Juu ya barafu tairi halisi la baridi ni bora, na sitasema vinginevyo. Lakini sisi tunakaa ghorofani, hatuna stoo ya kuweka matairi manne, na kulipa ghala pamoja na kubadilisha mara mbili kwa mwaka kulinishinda. Tungebaki na seti moja kwa vyovyote. Kati ya seti moja isiyopimwa theluji na seti moja iliyopimwa, uamuzi ulikuwa mwepesi. Kampuni sitaitaja, sikuja hapa kufanya biashara. Nimepita nayo misimu mitatu ya baridi. Tulikubaliana na mwenzangu masharti mawili: siku ya mvua inayoganda gari halitoki, na meno yakibaki milimita 4 matairi yanabadilishwa, ingawa katika nchi nyingi sheria huruhusu mpaka 1.6. Mapya yalikuwa na kama 8. Nayapima kila mwezi, yeye akinisimamia.

Jambo la mwisho, Ndugu Mwenyekiti, linahusu hapa hapa. Magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa yametumika Japani, na baadhi huja na matairi ya baridi ya huko. Yana meno mazito, yanaonekana mapya, na mwenye gari hufurahi. Lakini mpira ule umechanganywa kwa theluji. Kwenye lami yetu ya saa nane mchana huwa laini kupita kiasi, hupata joto, hulika upesi, na gari huchelewa kusimama, hasa kwenye mvua. Matairi hayo mara nyingi yameandikwa ubavuni neno STUDLESS. Karibu na hapo kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama meno yanang'aa.

Asubuhi kabla ya chai nilipita pale chini ya miembe mlipoegesha magari yenu. Matatu yana neno hilo, na moja kati yake ndilo litakalowarudisha mjini wazee wetu wanne jioni hii. Sitawataja wenyewe. (Kicheko.) Naomba waje tuonane kabla ya chakula cha mchana, nina kipimo cha meno mfukoni, na Mwalimu Mkuu amekubali kutuazima pampu ya shule.

(Makofi.)