Kupima Kazi za Ndani ya Programu

Juma lililopita tulisema kwamba programu ya kompyuta ni maagizo yaliyogawanywa mafungu mafungu. Mengine ni ya wazi, huitwa na programu nyingine. Mengine ni ya ndani, kazi yake ni kuyasaidia yale ya wazi tu. Leo twauliza: hayo ya ndani tuyapimeje?

Tuseme chama cha ushirika kina programu ya kuhesabu riba ya mikopo kwa siku. Karani huingiza fedha, tarehe ya kukopa na tarehe ya kulipa, naye hupewa riba. Hilo ndilo dirisha. Nyuma yake limo fungu dogo la ndani, linaloamua kama mwaka una siku 365 au 366. Likikosea, mkopaji atatozwa siku asiyodaiwa, wala hatajua kosa limetoka wapi.

Je, tuvunje ukuta tuingie? Yawezekana. Lugha ya Java ina njia ya kulifikia hata fungu lililofungwa. Lakini kesho mwandishi wa programu akipanga upya mambo ya ndani, pasipo kubadili riba hata senti moja, jaribio lako litapiga kelele bure.

Afadhali upite dirishani. Chukua mkopo wenye riba ya shilingi 50 kwa siku, toka 28 Februari mpaka 1 Machi. Mwaka 2023 hiyo ni siku 1, riba shilingi 50. Mwaka 2024 ni siku 2, riba shilingi 100. Programu ikikupa riba moja kwa miaka yote miwili, umelikamata fungu la ndani bila kuligusa.

Njia hii ina taabu yake. Jaribio likishindwa, na mafungu ya ndani ni mengi, hujui ni lipi lililokosa. Basi kazi ya ndani ikiwa kubwa hivyo, itoe, uipe chumba chake na dirisha lake, uipime huko. Michael Feathers alishauri hivyo katika kitabu chake cha mwaka 2004 juu ya programu kuukuu. Nami nakubali, ila msifanye hivyo kwa kila fungu la mistari mitatu. Mtakuwa na madirisha mengi kuliko nyumba.

Sasa shikeni kalamu. Mkopo ni ule ule, na tarehe ni zile zile, lakini mwaka 1900, kisha mwaka 2000. Kumbukeni kwamba mwaka unaoishia na sifuri mbili huwa mrefu ukigawanyika kwa 400 tu. Andikeni riba ya kila mwaka. Juma lijalo tutasahihisha.